Edward Steere na maneno madogo yanayounganisha

Kila mwanafunzi wa Kiingereza katika kitivo chetu anaijua orodha ile: 'for', 'and', 'nor', 'but', 'or', 'yet', 'so'. Ni viunganishi saba vinavyounga sentensi mbili zenye hadhi sawa. Baada yake huja orodha ya pili, ndefu zaidi, ya viunganishi vinavyoifanya sentensi moja iitegemee nyingine: 'because', 'although', 'if', 'when', 'unless', 'so that' na wenzake. Tunazikariri orodha hizi, tunazijaza kwenye mtihani, kisha tunaandika insha zinazorudi na wino mwekundu palepale penye viunganishi. Mimi nasoma lugha za Kiafrika, na wenzangu wa upande wa Kiingereza huniuliza kwa nini vineno vidogo namna hii vinatutesa kuliko msamiati mgumu. Jibu bora nililolipata liko katika maisha ya mtu aliyepita njia hii hii akitokea upande wa pili: Mwingereza aliyekuja Afrika ya Mashariki akiwa na orodha hiyo kichwani, akaketi kujifunza Kiswahili.

Mtu huyo ni Edward Steere. Hakufika Butembo wala Beni. Miji yetu hii miwili haikuwemo katika ramani yake, na alikufa kabla Dola Huru ya Kongo haijatangazwa mwaka 1885. Lakini yeyote anayefungua kitabu cha sarufi ya Kiswahili leo anapita, kwa kujua au kwa kutojua, katika vyumba alivyovijenga yeye. Ndiyo maana naona maisha yake yanafaa kusimuliwa hapa, mbele ya wanafunzi na walimu wa lugha.

Steere alizaliwa London tarehe 4 Mei 1828. Alisoma katika chuo kikuu cha mji huo, na kufikia mwaka 1850, akiwa na miaka 22, alikuwa amepata udaktari wa sheria na kuandikishwa kuwa wakili. Uwakili haukumshika. Alipenda zaidi mambo mawili: dini na kazi ya kupiga chapa. Alijifunza kupanga herufi za risasi kwa mikono yake mwenyewe, jambo ambalo mawakili wa enzi hiyo waliwaachia mafundi. Mwaka 1856 alipewa ushemasi, miaka miwili baadaye akawa padri wa Kanisa la Uingereza, na baada ya muda akapewa parokia ndogo ya Little Steeping katika mkoa wa Lincolnshire.

Naomba msomaji ayaweke moyoni mambo hayo mawili, sheria na chapa, kwa maana yanasaidia kumwelewa. Wakili anajua kwamba mkataba mzima unaweza kuanguka kwa sababu ya neno moja dogo: kati ya 'and' na 'or' kuna shamba, nyumba au urithi. Naye mpiga chapa analazimika kuigusa kila herufi kwa kidole. Hawezi kuruka neno kwa kuwa ni fupi. Huo ni mwanzo mzuri kwa mtu atakayechunguza lugha.

Huko Lincolnshire alikuwa na rafiki, padri William Tozer. Mwaka 1863 Tozer aliteuliwa kuwa askofu wa misheni iliyoitwa ya Vyuo Vikuu, misheni iliyozaliwa kutokana na hotuba ya David Livingstone mjini Cambridge mwaka 1857. Kundi lake la kwanza lilikuwa limekwenda upande wa mto Zambezi na Shire, likapigwa na homa, njaa na vita vya biashara ya watumwa, hata askofu wake wa kwanza, Mackenzie, akafa. Tozer alimwomba Steere amsindikize kwa muda. Steere alikubali, akidhani huenda angekaa mwaka mmoja au miwili. Walijaribu kwanza kukaa katika mlima wa Morambala karibu na mto Shire, hawakufaulu, na mwaka 1864 wakahamia Unguja.

Unguja ya wakati huo ilikuwa soko la dunia. Karafuu, pembe za ndovu na watu vilipita bandarini mwake. Sultani Majid aliwapa wamisionari hao wavulana watano waliokamatwa katika jahazi la watumwa, na hao watano ndio waliokuwa wanafunzi wa kwanza. Watoto hao walitoka bara, kila mmoja na lugha yake. Steere alikuwa na Kiingereza, Kilatini na Kigiriki. Lugha pekee iliyoweza kuwakutanisha ilikuwa Kiswahili, lugha ambayo wavulana wenyewe walikuwa wageni ndani yake kama yeye. Katika hilo tunafanana nao sisi watoto wa Wanande: Kinande cha nyumbani, Kiswahili cha sokoni na njiani, Kifaransa cha darasani, na sasa Kiingereza.

Akaanza kukusanya. Yule mmisionari Mjerumani Ludwig Krapf alikuwa ametangulia kuchapisha sarufi ya Kiswahili mwaka 1850, akifuata lahaja ya Mombasa. Steere alitaka Kiswahili cha Unguja, na alikitafuta midomoni mwa watu: wasomi wenye elimu ya Kiarabu, watu wa kawaida wa mjini, na watumwa waliokombolewa. Aliweka mtambo wa chapa, akawafundisha vijana wa misheni kupanga herufi, na kila alichokiandika alikichapa katika vipeperushi vidogo ili kisomwe na kusahihishwa na wenye lugha. Kwa njia hiyo karatasi zake zilirudi na wino wa Waswahili kabla hazijawa kitabu.

Hapa ndipo tunapofika kwenye viunganishi.

Steere alikuja na sanduku lenye vyumba vilivyokwisha pangwa. Sanduku hilo ni la zamani sana. Mwanasarufi Dionysius Thrax, aliyeishi karne ya pili kabla ya Kristo, aliyagawa maneno ya Kigiriki katika aina nane, na ya mwisho ilikuwa kiunganishi. Warumi wakalirithi sanduku hilo kwa Kilatini, Waingereza wakalirithi kwa Warumi. Sarufi ya shule iliyojulikana kuliko zote katika Uingereza ya karne ya 19 ilikuwa ya Lindley Murray, iliyotoka mwaka 1795, nayo ilivigawa viunganishi katika makundi mawili: vinavyokusanya na vinavyotenga. Mwingereza wa enzi ya Steere aliyepita shule alijua kwamba lugha ina viunganishi kama nyumba ilivyo na milango. Kazi ya mwandishi wa sarufi ya lugha mpya ilikuwa kuuliza tu: mlango huu wao wanauitaje?

Kitabu chake kikubwa, Handbook of the Swahili Language, kilitoka London mwaka 1870. Ukikifungua utaliona sanduku lenyewe: nomino, vivumishi, viwakilishi, vitenzi, kisha vielezi, vihusishi na viunganishi, na kwa kila aina orodha ya maneno yaliyopangwa kwa alfabeti ya Kiingereza. Katika chumba cha viunganishi Steere aliweka alichokipata: 'na', 'au', 'ama', 'lakini', 'wala', 'kwa sababu', 'kama' na mengineyo. Mtu angeweza kuishia hapo. Wengi wangeishia hapo.

Lakini alikuwa amesikiliza. Katika sehemu ya vitenzi, mahali ambapo Mwingereza asingefikiri kutafuta kiunganishi, alieleza kwamba kiambishi -ka- kinabeba ndani yake kazi ya 'and'. Katika masimulizi, mtu akianza na alifika, huendelea na akakuta, akauliza, akarudi, na hakuna haja ya 'na' hata moja. Kiambishi -ki- nacho kinafanya kazi ambayo Kiingereza kinaigawa kati ya 'if', 'when' na kitenzi cha '-ing'. Na hali ya kutaka, ile inayomalizika kwa -e, inaweza kubeba kusudi bila neno lolote: njoo ule ni mwaliko ambao Mwingereza ataufasiri kwa 'and' au kwa 'so that', apendavyo. Chumba cha viunganishi cha Kiswahili, basi, kilionekana kitupu kwa sababu watu wengi wa nyumba hiyo walikuwa wamelala chumba cha kitenzi.

Hilo ndilo jibu ninalowapa wenzangu wa Kiingereza. Sisi hatuna upungufu wa kuunganisha mawazo. Tunaunganisha mahali pengine. Mwanafunzi wa Butembo anapoandika kwa Kiingereza kwamba alifika, alikuta mlango umefungwa, alirudi, akitenganisha vitenzi vitatu kwa mkato tu, amefuata utaratibu mzuri wa -ka-, ila Kiingereza hakina -ka-. Kitenzi chake cha wakati uliopita kiko peke yake, hakimshiki mwenzake mkono, kwa hiyo lazima neno la pembeni lije limshike: 'and', 'then', 'so'. Anapoandika 'although' mwanzoni na 'but' katikati ya sentensi hiyohiyo, ameleta ingawa ... lakini, jozi ambayo Kiswahili huiruhusu waziwazi, huku Kiingereza kikidai moja kati ya mbili. Anapochanganya 'and' na 'with' katika kumtaja yeye na ndugu yake, ni 'na' yetu inayofanya kazi zote mbili. Makosa hayo yana sarufi ndani yake. Mwalimu anayeijua sarufi hiyo atayasahihisha kwa maneno mawili, na asiyeijua ataandika alama ya kuuliza pembeni.

Kuna jambo jingine katika orodha ya Steere ambalo mwanaisimu wa leo analitazama kwa furaha. 'Lakini' limetoka Kiarabu. 'Au' na 'ama' vimetoka Kiarabu. 'Na' ni la Kibantu tangu asili. Mwanaisimu Yaron Matras, akilinganisha lugha nyingi zilizokutana na nyingine zenye nguvu, alionyesha mwaka 1998 kwamba kuna mpangilio katika kukopa: lugha hukopa kwanza neno la kupinga, kama 'but', halafu la kuchagua, kama 'or', na mwisho kabisa la kujumlisha, kama 'and'. Kiswahili kinasimama katika mpangilio huo kama kwamba kilipimwa kwa rula. Na mtu asiyeamini aende soko la Butembo, asikilize. Kiarabu kimemaliza kazi yake, sasa ni zamu ya Kifaransa. Utasikia 'mais', 'donc', 'parce que' katikati ya Kiswahili na katikati ya Kinande, kwa vinywa vya watu ambao hawangeweza kuandika aya moja ya Kifaransa. 'Et' peke yake ni nadra kuisikia ikiunga. 'Na' bado inalinda mlango wake. Pamoja nayo kuna 'njo' yetu ya Kongo, inayosukuma hadithi mbele na kuonyesha matokeo, ambayo Steere hakuisikia Unguja katika umbo hilo.

Mwaka uleule wa 1870 Steere alitoa kitabu cha pili, Swahili Tales, hadithi zilizosimuliwa na watu wa Unguja, Kiswahili ukurasa mmoja na Kiingereza ukurasa wa pili. Kwangu mimi kitabu hicho kinazidi ile sarufi, kwa sababu pale Kiingereza kililazimika kujibu. Kila -ka- ya upande wa kushoto ilidai uamuzi upande wa kulia.

Hadithi moja humo ni ya mwalimu Goso. Alikuwa akifundisha watoto chini ya mbuyu. Paa akapanda juu kuiba mabuyu, buyu likaanguka, likampiga mwalimu kichwani, akafa. Wanafunzi, baada ya kumzika, wakaenda kumtafuta aliyeangusha buyu. Wakaanza na upepo wa kusi, wakampiga, naye akajitetea kwamba kama angekuwa na nguvu hizo asingezuiwa na ukuta. Wakaenda kwa ukuta, ukuta ukawasukumia panya, panya akawasukumia paka, na hivyo hivyo kupitia kamba, kisu, moto, maji na ng'ombe, hata wakafika kwa paa. Paa hakuwa na la kujibu. Wakamuua.

Ni hadithi ya kuchekesha watoto, lakini ni hadithi ya sababu pia. Mlolongo wote unauliza nani alisababisha nini, na kila anayeulizwa anaisogeza lawama hatua moja mbele. Msimulizi anaweza kuusimulia mlolongo huo kwa -ka- tupu, tukio baada ya tukio, bila kusema kwa kinywa chake kwamba hili lilitokea kwa sababu ya lile. Anamwachia msikilizaji ahukumu. Kiingereza hakiwi na subira hiyo. Mfasiri anakutana na njia panda kila mara: aandike kwamba jambo la pili lilifuata tu, au kwamba lilitokana na la kwanza?

Steere alikutana na njia panda hiyo kwa ukubwa zaidi katika kazi iliyompeleka Afrika, tafsiri ya Maandiko. Injili ya Mathayo kwa Kiswahili aliitoa mwaka 1869, na kabla ya kufa alikuwa amelifasiri Agano Jipya lote. Kigiriki cha Injili, hasa cha Marko, huanza sentensi nyingi mno kwa kiunganishi kimoja, 'kai'. Kiingereza cha Biblia ya zamani kiliifuata kwa 'And' mfululizo, na ndiyo maana masikio ya Mwingereza huiona lugha hiyo kuwa ya kanisani. Kwa Kiswahili haikuwa lazima. -Ka- ilikuwa tayari, ikisubiri kazi, na simulizi likasikika kama simulizi la barazani. Mahali ambapo Kiingereza kilisikika cha kigeni, Kiswahili kilikuwa nyumbani.

Kati ya 1868 na 1872 Steere alikuwa Uingereza, akiwa amerudi parokiani kwake na kusimamia vitabu vyake. Kisha akarudi Unguja, na safari hii alikaa. Mwezi wa Juni 1873 Sultani Barghash, kwa shinikizo la Uingereza, alitia sahihi mkataba wa kupiga marufuku usafirishaji wa watumwa kwa bahari na kufunga masoko yao. Kiwanja cha soko la Unguja kule Mkunazini kikaingia mikononi mwa misheni, na siku ya Krismasi mwaka huohuo jiwe la msingi la kanisa likawekwa. Steere aliusimamia ujenzi mwenyewe: paa la tao refu lililojengwa kwa mawe ya matumbawe na saruji, ambalo watu walitabiri lingeanguka. Halijaanguka. Waongozaji wa wageni bado wanasimulia kwamba mafundi, bwana mkubwa akiwa safarini, waliziweka baadhi ya nguzo miguu juu kichwa chini.

Mwaka 1874 Tozer alikuwa amejiuzulu kwa ajili ya afya, na Steere akawekwa wakfu kuwa askofu katika Westminster Abbey. Mwaka 1875 alitembea kwa miguu kutoka Lindi hadi kwa Mataka, mfalme wa Wayao, na mwaka uliofuata akapeleka kundi la watumwa waliokombolewa bara, nalo likaanzisha makazi ya Masasi. Popote alipokwenda alirudi na daftari. Alikuwa ameandika juu ya Kisambaa mwaka 1867 na juu ya Kiyao mwaka 1871, na Kimakonde kikafuata. Alikufa Unguja tarehe 27 Agosti 1882, akiwa na miaka 54, akazikwa ndani ya kanisa hilo, nyuma ya altare.

Kazi yake haikuzikwa naye. Arthur Madan aliirekebisha na kuipanua Handbook, ikachapwa tena na tena. Biblia nzima kwa Kiswahili cha Unguja ikatoka mwaka 1891. Na serikali za kikoloni za Kiingereza zilipokutana Mombasa mwaka 1928 kuchagua lahaja ya kusanifishwa, zilichagua Kiunguja, na kazi ikakabidhiwa kamati iliyoanza mwaka 1930. Vitabu vya Steere na Madan vilikuwa sehemu ya uzito uliopima mizani hiyo. Hapo ndipo maisha yake yanapotugusa sisi, kwa wema na kwa ubaya. Kiswahili kilitufikia mashariki ya Kongo kwa misafara ya biashara ya pembe na watumwa, kwa midomo ya watu wa pwani na wa Maniema, kabla ya kitabu chochote. Kilikua hapa kivyake. Ndiyo sababu 'ao' yetu na 'njo' yetu hazina nafasi katika kitabu cha shule, na mtoto wa Beni anafundishwa kuziona kuwa uchafu. Steere hakuikusudia aibu hiyo, lakini sanifu iliyojengwa juu ya mji mmoja lazima iiangushe miji mingine.

Tena, tusimpambe kupita kiasi. Alikuwa mtu wa zama zake, aliyeamini kwamba watu wa bara walihitaji kuletewa nuru kutoka kwao. Wasimulizi na wasahihishaji wake hawakuandikwa kwenye jalada. Na lile sanduku lenye vyumba vinane hakulivunja. Alilijaza, na pale lilipogoma aliandika ukweli pembeni, katika sura ya vitenzi. Lakini aliuandika. Kuna wanasarufi waliokuja baada yake ambao hawakufanya hata hilo.

Kwa nini nayasema haya mwaka huu, katika jarida hili? Kwa sababu katika eneo letu kiunganishi si suala la alama za mtihani tu.

Tangu Oktoba 2014 watu wa eneo la Beni wameuawa vijijini, mashambani na barabarani, na waliookoka husimulia. Husimulia kwa Kiswahili au kwa Kinande, kwa mtiririko wetu wa kawaida: walifika, wakazunguka nyumba, askari wakachelewa, tukakimbilia msituni. Simulizi hilo huandikwa upya kwa Kifaransa, na mara nyingi tena kwa Kiingereza, ili lisomwe mbali. Angalia sasa -ka- ile moja, ya askari kuchelewa. Mfasiri akiandika 'and', amehesabu matukio. Akiandika 'because' mbele ya kuchelewa, amemtaja mwenye lawama, na huenda msimulizi hakumtaja. Akiandika 'although', ameingiza utetezi. Mama aliyesimulia hatamjua mfasiri huyo, wala hatasoma ripoti. Katika hadithi ya Goso kosa kama hilo lilimfanya kusi apigwe bure. Katika ripoti anaweza kupigwa mtu.

Na tuikumbuke Ebola. Mlipuko uliotangazwa tarehe 1 Agosti 2018 na kumalizika tarehe 25 Juni 2020 ulikuwa na wagonjwa 3,470, na 2,287 kati yao walikufa. Beni, Butembo na vijiji vilivyozizunguka vilibeba sehemu kubwa ya msiba huo. Ujumbe wa afya ulitoka katika Kiingereza na Kifaransa ukaja kwetu. Kiingereza kinatenganisha 'if' na 'when', na Kifaransa kinatenganisha 'si' na 'quand'. -Ki- yetu inazibeba zote mbili. Ukipata homa, nenda kituoni: je, mtu ameambiwa kwamba huenda akapata, au kwamba siku atakapopata? Katika siku za kawaida hakuna anayejali, kwa kuwa mazingira yanaeleza. Katika siku za hofu na uvumi, tofauti ya onyo na utabiri ina maana. Kiswahili kinazo njia za kuitenganisha: 'ikiwa', 'endapo' na 'kama' kwa shaka, -po- kwa wakati. Lakini mfasiri lazima ajue kwamba kuna kitu cha kutenganisha, na hilo hatalijua kama alifundishwa kwamba kiunganishi ni orodha tu.

Kwa hiyo nina mambo mawili ya kuwaomba wenzangu na walimu wetu. La kwanza ni la wanaofundisha Kiingereza, na wengi wetu tutakuwa hao, katika shule za Butembo, Beni, Oicha na Lubero. Tusianze na orodha ya maneno saba. Tuanze na uhusiano: je, jambo la pili limefuata, limetokana, limepingana au limekusudiwa? Mwanafunzi aseme kwanza kwa lugha yake ni uhusiano gani, na aonyeshe katika kitenzi chake ni wapi uhusiano huo umekaa. Kisha apewe neno la Kiingereza linaloubeba. Atajifunza 'so' na 'because' kwa siku moja, na hatavisahau.

La pili ni la sisi wa lugha za Kiafrika. Kinande kina kamusi nzuri, ile ya Kambale Kavutirwaki na Ngessimo Mutaka iliyotolewa na jumba la makumbusho la Tervuren, na kina wanaisimu wake wanaoheshimiwa duniani. Lakini kazi nyingi za mwisho wa masomo bado hufungua sura ya viunganishi, hutafuta tafsiri ya 'et', 'ou' na 'mais', hujaza ukurasa mmoja na kufunga. Anayetaka kuandika juu ya kuunganisha katika Kinande aanze kwa kurekodi hadithi kumi za wazee, kisha akae na kitenzi, wakati kwa wakati, toni kwa toni. Chumba cha viunganishi akiache cha mwisho.

Steere alikuwa na mtambo wa chapa wa kusukuma kwa mkono, wavulana watano wasiojua Kiswahili, na homa. Sisi tuna simu zinazorekodi, na bibi zetu wako hai.